Hata theluji ina haki yake

Sisi watu wa pwani tuna dua moja ya ajabu. Tangu chuoni, tungali watoto wadogo tusiojua hata kufunga kikoi, mwalimu alitusomesha kwamba tukishahirimia sala tumwombe Mwenyezi Mungu atuoshe makosa yetu kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Na akifa mtu mtaani, tukisimama mbele ya jeneza baada ya adhuhuri, jua la Mombasa likituchoma utosini na jasho likilowesha kanzu, twamwombea maiti wetu vivyo hivyo. Wazee wetu wangapi wametangulia mbele ya haki wakiombewa kitu ambacho macho yao hayakupata kukiona! Hata majina yenyewe yalitujia kwa majahazi: theluji kutoka Uarabuni, barafu kutoka Uajemi. Kitu chenyewe kilibaki huko huko kwa wenyewe.

Hayo niliyakumbuka majira ya baridi yaliyopita, nilipoletewa picha na mpwa wangu akaaye Minneapolis, huko Marekani. Kijana huyu kazi yake ni kuendesha malori, naye ana mke na watoto watatu. Katika picha ya kwanza amesimama mbele ya gari kubwa mfano wa basi, ambalo ndani yake mna vitanda, jiko, choo na meza ya kulia. Katika picha ya pili, yeye na ahali zake wamevaa manguo manene hata huwezi kumtambua mama wala mwana, wamepanda vyombo mfano wa pikipiki zisizo na magurudumu, na chini yao, juu yao na nyuma yao hapana kitu ila weupe. Maelezo yalikuwa mafupi: "Mjomba, hapa ni Yellowstone. Tumekuja kutembea."

Picha hizo zilizua balaa nyumbani. Dada yangu, mamake kijana, alizitazama kwa muda mrefu, kisha akanirudishia simu kimya. Nilipomuuliza, alisema: "Pesa za kwenda kuchezea barafu zipo. Nauli ya kuja kumwona mamake ndiyo haipo." Ni mwaka wa sita huu tangu kijana huyo kukanyaga Mombasa. Nami, kwa kuwa mjomba ana haki ya kukaripia, niliandika maneno makali. Nilimwambia kwamba huo ni ubadhirifu, na wabadhirifu Kitabu kimewaita ndugu wa nani, yeye anajua, kwani aliyemsomesha ni mimi.

Jibu lake lilikuwa la adabu, nalo lilinikata maini. "Shikamoo mjomba. Maneno yako nimeyasoma, nami sina la kujibu ila hili: wewe ndiwe uliyetufunza kwamba kadhi hahukumu mpaka asikilize pande zote mbili. Mimi hujanisikiliza."

Basi nilimsikiliza. Kisha nikakaa nikasoma habari za pahali pale na za mashine zile, ambazo kumbe zimewagombanisha Wamarekani kwa miaka mingi, mpaka mbele ya mahakimu. Hukumu yangu mpya nitaitoa mwisho, nawe msomaji uipime mwenyewe.

NYUMBA YA MAGURUDUMU

Safari ilikuwa ya familia mbili. Moja ni ya mpwa wangu. Ya pili ni ya Mmarekani afanyaye kazi pamoja naye, mzaliwa wa huko huko, ambaye mambo ya theluji ameyazoea kama mtoto wa Pate alivyoyazoea maji. Gari-nyumba la Mmarekani ni mali yake. La mpwa wangu lilikuwa la kukodi. Kutoka Minneapolis hadi mji mdogo wa West Yellowstone, katika jimbo la Montana, ni zaidi ya maili 1,000, na sehemu kubwa ya njia ni nchi tupu ambako upepo hupeperusha theluji juu ya barabara kama mchanga wa ufuoni wakati wa kusi.

Nilidhani gari la namna hiyo ni anasa tupu. Mpwa wangu akanisahihisha. Watu watano kulala hotelini kila usiku, na kula chakula ambacho hujui nyama yake imechinjwaje, ni hesabu isiyokubaliana na mshahara wa dereva. Ndani ya gari mkewe alipika mwenyewe. Alfajiri alikaanga mahamri ilhali vioo vya madirisha vimeganda barafu kwa ndani. Jioni watu wote watano walikuwa katika chumba kimoja, magoti yakigusana. Yeye ambaye kazi yake humtoa nyumbani wiki nzima, hakuwa amekaa na watoto wake namna hiyo tangu mdogo wao kuzaliwa. Na gharama yote, magari na mashine pamoja, haikufika nusu ya nauli ya watu watano kuja Mombasa na kurudi.

Lakini baridi ya huko si ya mzaha. Mwaka 1933, mwezi wa Februari, karibu na lango lile la magharibi baridi ilipimwa ikawa nyuzi 54 chini ya sifuri. Wao hawakuikuta kali hivyo, ila ilitosha kuwafunza adabu. Maji ya gari-nyumba hayaachwi katika matangi na mabomba, maana yakiganda hupasua kila kitu. Wenyewe huyamwaga kabla ya majira ya baridi na kutia dawa isiyoganda. Kwa hiyo maji walibeba kwenye madumu, wakayaweka karibu na vitanda vyao.

Mpwa wangu aliniuliza kama yafaa kutayamamu katika hali hiyo. Nilimkumbusha kisa cha sahaba Amri bin Al-As, ambaye katika vita vya Dhatu Salasil alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa maji yatamwua, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari zilipomfikia Mtume wetu (S.A.W.), alicheka wala hakumkemea. Ruhusa ipo. "Lakini wewe," nikamwambia, "una jiko la gesi na sufuria. Mwenye jiko hana udhuru." Akacheka na yeye.

BABA ALIYEFIWA

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe, ambayo hapa tutaiita pikipiki ya theluji. Mbele ina mbao mbili za kuteleza zinazoongozwa kwa usukani; nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini ukaikamata theluji na kuisukuma nyuma.

Asili yake si mchezo hata kidogo. Huko Valcourt, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, alikuwako fundi wa magari aliyeitwa Joseph-Armand Bombardier. Nyakati zile ikianguka theluji barabara zilifungwa, na magari yakawekwa mpaka majira ya kuchipua. Tangu ujana wake fundi huyu alikuwa akijaribu kuunda chombo cha kupita juu ya theluji. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe mdogo, wa miaka miwili, alishikwa na ugonjwa wa tumbo uliohitaji kupasuliwa. Hospitali ilikuwa mbali, barabara zimezibwa na theluji, na chombo cha baba hakijawa tayari. Mtoto akafa.

Msomaji, hapana haja ya kuwahi kuona theluji ili umwelewe baba yule. Tunao wenzetu visiwani waliopoteza wazazi na wana kwa sababu bahari ilichafuka usiku na mashua haikuweza kuvuka. Bombardier alirudi kwenye karakana yake, na mwaka 1937 akapewa hati ya uvumbuzi wa namna ya kuuzungusha ule mkanda. Magari yake ya kwanza yalikuwa makubwa, ya kubeba madaktari, wagonjwa, barua na watoto wa shule. Mwaka 1959 ndipo alipotoa kile kidogo cha kupandwa na mtu mmoja au wawili, kikaitwa Ski-Doo. Alifariki mwaka 1964, na nyuma yake chombo kilichozaliwa na msiba kikawa chombo cha tafrija ya mamilioni.

Simlaumu mtu kwa hilo. Hata ngalawa ya mvuvi siku ya sikukuu hushindanishwa. Ila ni vizuri mwenye kucheza akumbuke kwamba kitu anachochezea kilianza kama dawa, na dawa yoyote ina kipimo.

MOSHI LANGONI

Yellowstone si pori la hivi hivi. Ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza Marekani, na wengi huihesabu kuwa ya kwanza duniani. Sheria yake ilitiwa sahihi na Rais Ulysses S. Grant tarehe 1 Machi 1872. Ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 9,000, katika majimbo ya Wyoming, Montana na Idaho, na sehemu kubwa yake imekaa juu ya volkano iliyolala. Zimo chemchemi za moto, mashimo ya mvuke na madimbwi ya tope linalochemka zaidi ya 10,000. Iliyo mashuhuri ni ile iitwayo Old Faithful, ambayo kila baada ya saa moja na nusu hivi huyarusha maji yake juu kuliko mnazi mrefu. Wenyeji wa asili, wakiwamo Washoshone wa milimani, waliishi na kuwinda humo kwa maelfu ya miaka kabla ya sheria hiyo, kisha wakatolewa. Jeraha hilo sisi tunalijua, maana na kwetu mbuga nyingi zina watu waliotolewa.

Wakati wa baridi barabara karibu zote za humo hazipitiki kwa magari ya magurudumu, isipokuwa ile moja ya kaskazini. Kwa miaka mingi majira hayo yalikuwa karibu ya wanyama peke yao. Pikipiki za theluji za kwanza ziliingia mwaka 1963. Mwaka 1971 wakuu wa mbuga walianza kuzilainishia barabara, wakafungua na nyumba ya wageni pale Old Faithful. Kufika miaka ya 1990 wastani wa siku moja ulikaribia pikipiki 800, na siku za msongamano zilipita 1,000.

Injini zake zilikuwa za namna tunayoijua vizuri hapa pwani: zile zinazochanganyiwa petroli na oili, kama mashine za zamani za kubandika nyuma ya mashua. Aliyewahi kukaa nyuma ya mashua ya namna hiyo, upepo ukimrudishia moshi usoni, hahitaji maelezo. Sehemu ya petroli hutoka bila kuungua. Sasa weka mamia ya mashine hizo kwenye foleni moja, asubuhi moja, mahali ambapo hewa ya baridi imekaa chini kama kifuniko cha chungu. Ilifika mwaka 2002 walinzi waliokata tikiti katika lango la magharibi wakawa wanavaa vifaa vya kuchujia hewa usoni. Fikiri, ewe msomaji! Mlinzi wa pahali palipotengwa ili watu wakapate hewa safi, anafanya kazi yake amefunikwa pua kama mpiga dawa ya mbu.

Na wanyama? Nyati wa Marekani ni mnyama mkubwa mwenye nundu na manyoya mazito. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki humo wasiofika 30, baada ya wawindaji kuwafyeka. Leo ni maelfu kadhaa. Wakati wa baridi hufukua theluji kwa kichwa, akikipeleka huku na huku mpaka ayafikie majani yaliyokauka, na huishi zaidi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Kila anaposhtuliwa akakimbia, anatumia akiba ambayo hana pa kuirudishia mpaka majani yachipue. Mtu aliyefunga, ukimkimbiza mchana kutwa, utakuwa umemdhulumu hata kama hukumgusa.

Baridi ya mwaka 1996 kuingia 1997 ilikuwa ya msiba. Nyati wengi walitoka nje ya mbuga kutafuta malisho, na kwa hofu ya wafugaji kwamba watawaambukiza ng'ombe maradhi ya kuharibu mimba, waliuawa zaidi ya 1,000. Chama cha kutetea wanyama kiitwacho Fund for Animals kikashtaki mwaka 1997, kikidai kwamba barabara zilizolainishwa kwa ajili ya pikipiki zimewafungulia nyati njia ya kutokea. Hoja hiyo wataalamu waliibishania sana, lakini mlango wa kesi ulikwisha kufunguka. Serikali ya Rais Clinton ikaamua pikipiki ziondolewe kidogo kidogo. Serikali ya Rais Bush ikaja ikageuza. Desemba 2003 hakimu wa Washington akairudisha amri ya kuziondoa. Februari 2004 hakimu wa Wyoming akaizuia. Watu wa West Yellowstone, ambao wakati wa baridi hula kwa kukodisha mashine na vyumba, wakalia kwamba wanauawa kwa njaa. Wapenda wanyama wakalia kwamba mbuga imegeuzwa uwanja wa mashindano. Mpaka mwaka 2013 ndipo ilipotolewa kanuni ya kudumu.

Kanuni hiyo kwa ufupi ni hii. Makundi ya pikipiki yasizidi 50 kwa siku katika mbuga nzima, na kundi lisizidi mashine 10. Mashine ziwe za namna iliyothibitishwa kupunguza moshi na kelele. Makundi karibu yote yaongozwe na mtu wa kazi hiyo. Mwendo usizidi maili 35 kwa saa. Anayeshika usukani awe na leseni ya gari. Nyati akikaribiwa, mtu asipite hatua 25. Na nyati akiwa barabarani, mashine husimama, kwa sababu mwenye njia ni yeye.

HIMA YA SAYYIDNA UMAR

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatulia, maana nilihisi nimewahi kusikia jambo hili, tena chuoni.

Mambo haya kwetu si mageni. Dini yetu imeujua mpango wa kutenga ardhi tangu mwanzo. Makka na Madina zina haram zake, ambamo miti haikatwi wala mawindo hayafukuzwi. Na kulikuwa na hima, malisho yaliyohifadhiwa kwa manufaa ya watu wote. Sayyidna Umar (R.A.), alipoweka mlinzi wa hima, alimpa wasia ambao mimi nauona ni mzito kuliko kanuni zote za Yellowstone. Alimwambia amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri, akawataja kwa majina, nao ni masahaba wakubwa. Sababu yake ilikuwa wazi: tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba ya kumtunza, maskini yake ikifa atakuja mlangoni kwa khalifa na wanawe akilia.

Hapo ndipo penye shina la maneno yangu. Kuweka mpaka ni nusu ya uadilifu. Nusu ya pili ni kuuliza: mpaka huu umemfungia nani lango? Kwani ni rahisi sana kuihifadhi nchi kwa kupandisha bei. Ukisema kila aingiaye lazima akodi kiongozi, na kiongozi ana ghali yake, basi umepunguza moshi, lakini pia umemwondoa dereva wa lori ukamwacha tajiri.

Nilipomweleza mpwa wangu jambo hili, alinishangaza. Yeye na mwenzake hawakuingia na kiongozi wa kulipwa. Kanuni ya 2013 imeacha mwanya: kila lango, kila siku, huruhusu kundi moja lisilo na kiongozi wa kulipwa, la mashine zisizozidi 5, na ruhusa hiyo hutolewa kwa kura, si kwa kunadiwa. Mwenzake aliomba, kura ikamwangukia. Akasoma somo lililowekwa na mbuga, akafanya mtihani, akafaulu. Ndipo wakakodi mashine zinazokubaliwa, wakaingia. Nathubutu kusema kwamba mwanya huo mdogo ndio unaoifanya kanuni nzima inukie uadilifu. Ni malango manne, makundi manne kwa siku. Ni kidogo mno, lakini mlango upo.

Watakuwako wenye kusema: kwa nini zisipigwe marufuku kabisa? Hoja hiyo siidharau. Lakini naona mtu hulinda anachokipenda, na hupenda anachokijua. Mtoto ambaye hakuiona theluji ya Yellowstone hatampigia kelele mtu atakayetaka kuiharibu. Na watakuwako wenye kusema: nchi ni ya umma, kila mtu afanye atakalo. Hao nawajibu kwamba cha umma si cha kila mtu kufanya atakalo; ni cha kila mtu kukumbuka wenziwe. Chungu cha harusi ni cha wageni wote, lakini atakayekiingiza kichwa tutamtoa.

KIMYA

Nilimuuliza mpwa wangu ni kitu gani kilichomfurahisha kuliko vyote. Nilidhani atasema mwendo wa mashine. Alisema: kuzima injini.

Kutoka lango la magharibi mpaka Old Faithful ni maili 30. Katikati ya njia walikuta kundi la nyati limeshika barabara. Wakasimama mbali, wakazima mashine zote tano kama inavyotakiwa. "Mjomba," alisema, "sijapata kusikia kimya kama kile. Nilisikia pumzi za nyati." Mvuke wa chemchemi ulikuwa umeganda juu ya miti, na manyoya ya nyati yameganda vile vile. Mwanawe mdogo akanong'ona: "Baba, nao wamevaa kanzu?" Walingoja karibu nusu saa. Hapana aliyelalamika. Nyati walipopita, mpwa wangu alitandika turubali kando ya njia, wakasali adhuhuri na alasiri kwa kupunguza na kukusanya, na Mmarekani yule na watoto wake wakangoja bila kuwasha mashine mpaka sala ikaisha. Na alipofungua sala kwa ile dua ya kuoshwa kwa theluji, alinena kwa sauti ya chini, kijana alikuwa amesimama juu yake. Sikuwa na la kusema. Mimi nimeisoma dua hiyo miaka hamsini.

NA KWETU JE?

Haya ni ya Wamarekani, lakini yana la kutufunza. Watu wa Lamu wanajua ugomvi wa pikipiki zilizoingia katika mji wa punda, mji ambao mwaka 2001 ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Vijana wanasema pikipiki ndiyo riziki yao, na ni kweli. Wazee wanasema vichochoro vya hatua mbili havikujengewa injini, na ni kweli pia. Kati ya kweli mbili hapamalizwi kwa kutukanana, humalizwa kwa mizani: wapi, ngapi, saa ngapi. Na wale wenzetu wa Yellowstone ilibidi wagombane miaka kumi na sita mahakamani kabla ya kuishika mizani hiyo. Sisi tunaweza kuishika mapema.

Na ufuo wetu? Kutoka Diani mpaka Malindi, njia ngapi za kuendea bahari zimezibwa kwa kuta, mtoto wa mvuvi akazungushwa mbali kwenda kuogelea katika maji aliyozaliwa kandoni mwake? Mwenye ngamia wachache amezuiwa, mwenye mifugo mingi amefunguliwa. Huu ni wasia wa Sayyidna Umar uliogeuzwa juu chini.

Sasa hukumu niliyoahidi. Mpwa wangu si mbadhirifu, nami nimemwomba radhi. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, furaha ya mtu na ahali zake ni ibada ikiwa na mipaka. Lakini Salman Al-Farisi (R.A.) alimfunza nduguye kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki na ahali wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Nafsi ya kijana imepata haki yake, na watoto wake pia. Nyati na theluji nao walipewa yao. Amebaki mmoja. Nilimwambia: "Na mamako je?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwaka huu gari-nyumba hatukodi, mjomba. Tunaweka nauli." Dada yangu ameshaanza kuuliza kama wajukuu wake wanakula viazi vya karai.

Nami, kwa kuwa kalamu yangu haizoei kulala bila beti mbili, nafunga hivi:

Kila kitu kina taji, alichoumba Manani,
Bahari hata theluji, na mnyama wa porini,
Usijione mlaji, wa kila kilicho chini,
Chukua kwa uhitaji, usiivuke mizani.

Kucheza siyo haramu, kwa ajuaye mipaka,
Dhuluma ndiyo hudumu, mja asipotosheka,
Wenye akili timamu, hucheza wakikumbuka,
Nyuma waja wanadamu, kesho nao watataka.